Msindano Umegoma Kukua: Chimba Kwanza, Mbolea Baadaye

Siku ya gulio pale Lukozi, mzee mmoja kutoka upande wa Mtae alinifuata na mfuko wa salfeti mkononi. Ndani yake kulikuwa na kilele cha msindano (paina) wa miaka mitatu, kimekauka na kujikunja kama mpini wa bakora.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hii miti yangu inakufa kichwani. Nimeambiwa ninunue urea mifuko miwili. Wewe unasemaje?"

Nilimwomba hiyo fedha aiache mfukoni kwanza, twende shambani na jembe. Tulichokikuta huko nitakieleza mbele, kwenye dalili yake. Nimeanza na mzee huyu kwa sababu kosa alilokaribia kulifanya ndilo ninaloliona karibu kila msimu katika milima hii ya Usambara. Mti unaonekana una njaa, mtu anakimbilia duka la pembejeo, kumbe tatizo liko kwenye maji. Au kinyume chake: mti unaonekana una kiu, mtu anasubiri mvua, na mvua ikija hakuna kinachobadilika.

Mzizi hautafuni udongo, unakunywa. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu, boroni, vyote huingia mtini vikiwa vimeyeyuka majini. Udongo ukikauka, chakula kipo lakini hakifikiki, kama ugali uliofungiwa kabatini. Udongo ukijaa maji, mizizi inakosa hewa na nguvu ya kufyonza, na mti unashinda njaa huku umesimama ndani ya maji. Kwa hiyo njano ya njaa, njano ya kiu na njano ya kuzama zinafanana sana kwa mtu anayetazama kutoka barabarani.

Ninayoyaandika hapa yanahusu zaidi Pinus patula, msindano wenye asili ya Mexico, ule wenye sindano ndefu zinazoning'inia kama nywele, tatu tatu katika kila kifungu. Ndio unaopandwa sana Shume na kwenye mashamba ya watu binafsi wilayani Lushoto. Ukiwa chini Muheza au Handeni, kwenye joto, utakuwa umepanda Pinus caribaea. Kanuni za maji na rutuba ni zile zile, ila ukame utakubana mapema zaidi.

Shimo moja na maswali matatu

Chukua jembe na panga. Chagua mti mmoja mgonjwa na mmoja mzima ulio karibu nao. Chimba pembeni ya kila mmoja, hatua moja kutoka shinani, hadi sentimita 60. Kamata udongo wa sentimita 30 chini, ukaze kiganjani. Ukishikamana ukabaki donge, unyevu upo. Ukivunjika ukawa vumbi, mti wako una kiu, hata kama juu kuna umande wa asubuhi. Ukiona udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, hapo maji hutuama sehemu ya mwaka, hata kama leo ni pakavu. Ukisikia jembe linagonga tabaka gumu kwa sentimita 25 tu, umeshapata nusu ya jibu.

Halafu jiulize. Sindano zilizoathirika ni za zamani, zile za ndani na chini, au ni changa za kileleni? Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu zikipungua, mti huzihamisha kutoka sindano kuukuu kwenda changa, hivyo ugonjwa huanzia kwenye sindano za zamani. Boroni na shaba hazihamishiki kwa urahisi, kwa hiyo upungufu wake hujionyesha kileleni. Swali la pili: je, tatizo lina umbo gani shambani? Bonde lote, mgongo wa kilima, mstari kando ya njia ya ng'ombe, au mti mmoja hapa na mwingine pale? La tatu: lilianza lini, baada ya vuli kukatika au katikati ya masika?

Mtu akinijia na majibu ya maswali hayo matatu, mara nyingi sihitaji hata kuona tawi.

Miche ni ya manjano yote na haikui

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa zaidi, na ina vyanzo visivyopungua vinne.

Anza na nyasi. Msindano mchanga ni mnyonge mbele ya nyasi kuliko watu wanavyodhani. Mizizi ya nyasi imetanda kwenye sentimita 20 za juu, mahali pale pale mche unapotafuta maji na naitrojeni, na nyasi hufika kwanza. Palilia duara la mita moja kuzunguka kila mche. Ukisubiri wiki sita hadi nane katika kipindi cha mvua, utaona sindano mpya zinatoka za kijani. Kama zimetoka, tatizo lilikuwa nyasi, na fedha ya mbolea umeiokoa. Ndiyo sababu miche iliyopandwa kwa mtindo wa kilimo mseto, viazi na maharage katikati ya mistari, mara nyingi hunawiri mwaka wa kwanza kuliko iliyoachwa porini. Jembe linalopalilia viazi limeupalilia na mti. Sharti ni kwamba jembe lisikate mizizi ya mche.

Kama palizi ni safi na bado njano ipo, ng'oa mche mmoja taratibu, tikisa udongo, tazama vijizizi vidogo kwenye mwanga. Mche mzima una vijizizi vifupi vinene vilivyogawanyika ncha mbili mbili, kama panda ndogo za manati, na mara nyingi vimefunikwa na utando mweupe au wa kahawia. Hizo ni kuvu rafiki. Msindano hauwezi kuishi vizuri bila kuvu hizo, maana nyuzi zake nyembamba hufika mahali mzizi usipofika, zikileta maji na fosforasi, nazo zinalipwa sukari. Misindano si miti ya asili ya kwetu, hivyo kwenye ardhi ambayo haijawahi kuiona kuvu hizo zinaweza kukosekana kabisa. Mche usio nazo hubaki na urefu wa kiganja mwaka mzima, wa manjano, na mbolea haiusaidii sana. Dawa yake iko kitaluni: changanya udongo uliochotwa chini ya misindano mikubwa yenye afya, sehemu moja kwa kumi hivi ya mchanganyiko wa viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche. Kama miche imeshapandwa, chota udongo huo huo, ufukie konzi mbili kando ya mizizi mvua ikinyesha. Usiuache juani njiani, maana kuvu hufa.

Chanzo cha tatu ni kutuama kwa maji, hasa kwenye vibonde na chini ya chemchemi. Jaza shimo lako maji jioni. Yakiwa bado yamo asubuhi, mche wako unazama. Mizizi yake itakuwa myeusi, laini, na gome lake linavuka ukilivuta. Hapo chimba mifereji au panda juu ya matuta. Na kama ni kinamasi kabisa, nakushauri paache, kuna miti mingine inayopenda maji.

Njaa halisi ya naitrojeni naiweka ya mwisho. Ipo, hasa kwenye miteremko iliyopoteza udongo wa juu ikabaki nyekundu tupu. Sindano zinakuwa fupi, rangi imepauka kwa usawa mti mzima, zaidi chini. Samadi iliyooza vizuri au CAN kidogo, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, hutosha, ardhi ikiwa na unyevu. Urea ukiimwaga juu ya udongo bila kuifukia, sehemu yake inaweza kupotea hewani.

Sindano zinakauka kuanzia ncha, kiangazi

Ukame wa kweli hauchagui. Hupiga mgongo wa kilima na ukingo unaotazama bonde la Mkomazi, kule ambako upepo mkavu hupanda na ukungu haukai. Ikiwa miche mingi ya eneo moja imekauka pamoja mwezi Februari au Septemba, hesabu tarehe ya kupanda. Mche uliopandwa mwishoni mwa Mei hauna muda wa kuteremsha mizizi kabla mvua haijakata. Masika ikishaloanisha udongo hadi sentimita 30, panda mara moja.

Lakini kama miche inayokufa imetawanyika, mmoja unakufa na jirani yake umesitawi, usiulaumu ukame. Nina shamba langu dogo lililonifundisha hili kwa uchungu. Nilinunua miche kwenye kitalu kimoja, mirefu, ya kijani, ya kupendeza. Mwaka wa pili ikaanza kukauka mmoja mmoja wakati mvua zilikuwa nzuri. Nilipochimba mmoja, mzizi mkuu ulikuwa umejizungusha mara tatu kama springi ya kalamu, umbo lile lile la kiriba, na haukuwa umetoka nje ya shimo nililochimba mwenyewe. Miche ilikuwa imekaa kitaluni muda mrefu kupita kiasi. Maji yalikuwepo sentimita 40 chini, mzizi haukuwahi kufika. Tangu hapo silipi kabla sijapasua viriba vitatu mbele ya muuzaji, na kabla ya kupanda nakata kitako cha kila kiriba kwa kisu kikali, sentimita moja hivi, kisha naondoa plastiki yote.

Na shimo lenyewe: kwenye mfinyanzi mzito, kuta za shimo lililochimbwa udongo ukiwa tope hulainika na kuganda kama chungu. Zikwangue kwa ncha ya panga kabla ya kupanda.

Mti umedumaa, sindano fupi, rangi inaelekea zambarau

Hapa tumefika kwenye fosforasi, na kwa udongo mwekundu wa Usambara ningesema ndiyo njaa ya kwanza kuishuku. Udongo huu una tindikali na umejaa oksidi za chuma na aluminiamu, ambazo huishika fosforasi na kutoiachia. Fosforasi yenyewe ni mvivu wa kusafiri. Husogea milimita chache tu kuelekea kwenye mzizi, tena kupitia utando wa maji uliozunguka chembe za udongo. Udongo ukikauka, utando unakatika, safari inaisha. Ndiyo maana mti wenye upungufu mdogo unaweza kuonekana mzima wakati wa masika na mgonjwa wakati wa kiangazi, bila chochote kubadilika ardhini isipokuwa unyevu.

Dalili zake si za kelele. Mche unakuwa mdogo, sindano fupi na nyembamba, matawi machache, na kwenye miche michanga wekundu wa zambarau huonekana hasa wakati wa baridi. Hapo naomba tahadhari: Julai kule Shume baridi peke yake hubadilisha rangi ya miche, na hurudi kijani jua likirudi. Usihukumu fosforasi kwa rangi ya Julai.

Ninachofanya ni kusubiri mwezi mmoja baada ya kupanda, mvua ikiendelea, kisha natoboa vishimo viwili upande wa juu wa mteremko, sentimita 15 kutoka shinani na sentimita 10 kwenda chini. Humo nagawa TSP au DAP, mbolea za dukani zenye fosforasi, jumla visoda kumi, yaani takriban gramu 50 kwa mche. Siimwagi juu ya ardhi, maana udongo utainasa kabla mzizi haujaiona, na nyasi zitakula kilichobaki. Mwenye subira atumie fosfati ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara. Huyeyuka polepole, na tindikali ya udongo wetu ndiyo inayoiyeyusha, kwa hiyo kasoro ya ardhi hapa inageuka msaada.

Kilele kimekufa au kimejikunja

Narudi kwa yule mzee. Tulipofika shambani, tulikuta miti mirefu kuliko mtu, sindano za chini za kijani kibichi, lakini katikati ya mteremko karibu kila mti ulikuwa na kichwa kilichojikunja, utomvu ukiwa umetoka na kuganda chini ya chipukizi lililokufa. Baadhi ilikuwa imeotesha vichwa vitatu au vinne chini ya hapo, kama ufagio. Kando ya kijito, mita 50 tu chini, miti ya mbegu ile ile na umri ule ule ilikuwa imenyooka.

Tulichimba sehemu zote mbili. Juu, udongo wa sentimita 40 ulikuwa unga. Chini, ulishikamana.

Hiyo ndiyo sura ya upungufu wa boroni, tatizo linalofahamika kwa misindano na mikaratusi katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Boroni huingia mtini kwa kubebwa na maji yanayofyonzwa, na haiwezi kutolewa kwenye sindano kuukuu kupelekwa kileleni. Kiangazi kikikata maji, chipukizi linalokua linakosa boroni siku hizo hizo, seli zake zinakufa, kichwa kinapinda. Urea ingemdhuru mzee: ingeongeza kasi ya ukuaji, na hivyo mahitaji ya boroni. Chokaa nayo, ambayo wengine huipendekeza kwa kila udongo wenye tindikali, huifanya boroni iwe ngumu zaidi kupatikana. Msindano hauhitaji chokaa, unapenda tindikali.

Dawa ni boraksi, chumvi yenye boroni, ila kwa mkono mwepesi. Tofauti kati ya kiasi kinachoponya na kinachounguza ni ndogo. Kwa mti mchanga sizidishi visoda viwili, gramu 10, vilivyotawanywa kwenye duara chini ya matawi, mbali na shina, mwanzoni mwa mvua, tena mara moja tu kabla ya kupima majani. Zikiungua ncha za sindano za chini baadaye, umezidisha. Pamoja na hiyo, mzee alipalilia na kuacha magugu yaliyokatwa yafunike ardhi ili unyevu ukae. Vichwa vilivyozidi tulivikata tukabakiza kimoja kilichonyooka kuliko vyote.

Ncha za sindano za zamani ni za manjano, kitako cha sindano bado kijani

Magnesiamu au potasiamu. Magnesiamu hutoa njano ya dhahabu yenye mpaka mkali, potasiamu mpaka wake unafifia. Kwa jicho tupu ni rahisi kukosea, kwa hiyo pima.

Mti unakimbia juu halafu unapinda au kulala

Hii inaudhi kwa sababu mwenye shamba huwa anajivuna nayo mwaka wa kwanza. Ardhi ilikuwa ya kabichi au karoti, imekula samadi na mbolea miaka kumi. Msindano unaikuta naitrojeni tele, unapanda haraka, shina laini, matawi mazito, mizizi midogo kwa kuwa haikulazimika kutafuta kitu. Upepo wa kwanza wenye mvua unaulaza. Shina likijisokota kama nyoka na matawi kuning'inia, shuku shaba, ambayo hupungua kwa uwiano pale naitrojeni inapozidi. Usiongeze mbolea yoyote ya naitrojeni. Kwenye mashamba ya namna hii ningepanda miche mifupi yenye mizizi imara.

Miti ya miaka tisa imesimama tu

Matawi ya chini yamekufa, ndani kuna giza, mashina ni membamba, na jirani amekwambia utie mbolea. Mwanzoni ulipanda kwa mita 3 kwa 3, miti 1,111 kwa hekta, na hujapunguza hata mmoja. Kila tone la vuli linagawanywa kwa midomo 1,111. Punguza hadi 650 hivi, ukiondoa iliyopinda na iliyozidiwa, na tazama upana wa duara za shina miaka miwili baadaye kwenye kisiki cha mti utakaokata.

Kuna swali halali hapa: kati ya maji na mbolea, kipi huzaa zaidi? Huko North Carolina, Marekani, mwaka 1992 watafiti walianza jaribio kwenye Pinus taeda, msindano wa huko, iliyo juu ya kichanga kilichochoka. Vipande vingine vilimwagiliwa, vingine vikatiwa mbolea, vingine vikapewa vyote. Mbolea peke yake iliongeza ukuaji kuliko maji peke yake, kwa kuwa miti ilitanda sindano nyingi zaidi. Lakini kule mvua hugawanyika karibu mwaka mzima. Sisi tuna pengo baada ya masika na jingine baada ya vuli, na mti wenye sindano nyingi hunywa zaidi. Kwenye mgongo mkavu, mti uliolishwa sana ndio unaoumia kwanza kiangazi kikirefuka. Kwa hiyo lisha bonde na mteremko wenye unyevu, na kwenye mgongo punguza idadi ya miti.

Zao la pili ni dogo kuliko la kwanza

Uliza mabaki ya mavuno yalikwenda wapi. Magogo yana virutubisho vichache ukilinganisha na sindano, gome na vitawi. Ukichoma vyote, naitrojeni inaondoka na moshi, na majivu yanashuka na mvua ya kwanza mteremkoni. Panga mabaki kwa mistari inayokata mteremko, yashike maji na yaoze. Katika msitu wa Usutu, Eswatini, Pinus patula ya mzao wa pili ilipungua kwenye sehemu yenye udongo uliotokana na mwamba wa gabro, na kilichopungua kikabainika kuwa fosforasi. Sehemu nyingine za msitu ule ule hazikushuka hivyo. Hilo linanipa sababu ya kupima kabla ya kuhukumu shamba zima.

Yasiyo ya udongo

Unga mweupe kama pamba kwenye chipukizi na chini ya sindano ni vidukari. Kundi la miti linalokufa kwa duara linalopanuka, huku chini ya gome la shina kukiwa na ukoga mweupe unaonuka uyoga, ni kuvu ya Armillaria, ambayo hupenda mahali penye visiki vya zamani vya miti ya asili. Ng'oa visiki. Mistari myekundu inayokata sindano ni Dothistroma, ugonjwa ulioiangusha Pinus radiata Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Patula huuhimili.

Kupima

Mkoa wetu wa Tanga una bahati: kituo cha Mlingano cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wilayani Muheza, ndicho cha utafiti wa udongo. Chota udongo sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 40, kila kina na ndoo yake, kutoka sehemu 10 hadi 15 za eneo linalofanana. Changanya, kausha kivulini, chukua nusu kilo. Penye afya na penye ugonjwa pawe na mifuko tofauti, usiichanganye kamwe, maana jibu liko kwenye tofauti yao. Sindano zichume theluthi ya juu ya mti, zilizokomaa, kiangazi ukuaji ukiwa umetulia, ziweke kwenye bahasha ya karatasi na si plastiki. Fosforasi ikija chini ya asilimia 0.1 ya uzito mkavu, mti una njaa kweli. Andika juu ya kila mfuko tarehe, mteremko na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Na usitumie mfuko uliowahi kubeba mbolea, hata ukiuosha.